Jua la Kuazima

Kisa hiki ni cha kutungwa. Jua lake na mvua yake si vya kutungwa: vipo Fort Ternan, magharibi mwa Kenya, kila mwaka, na anayeishi chini ya milima ya Tinderet anavijua.

Palikuwa na mwalimu mstaafu wa jiografia, mwenye nyumba ya mawe kwenye mteremko unaoelekea magharibi. Ukisimama uani kwake unaliona bonde la Nyando, mashamba ya miwa ya Koru na Muhoroni, hadi pale ardhi inapopotelea kwenye ukungu wa upande wa Ziwa Victoria. Binti yake, muuguzi huko Uingereza, alimtumia picha ya chumba cha vioo kilichoongezwa nyuma ya nyumba. Kuta vioo, paa kioo, viti viwili, chai mezani, na nje theluji. "Baba, jijengee hiki," akamwambia. "Umri wako sasa ni wa kuota jua." Pesa zikafuata.

Fundi akaja, akaizunguka nyumba kimya, kisha akauliza: "Mwalimu, mvua huwajia kutoka wapi?"

"Kutoka ziwani."

"Na jua la saa tisa?"

"Linapiga hapa hapa tuliposimama."

"Basi chumba tukiweke kaskazini, tukiezeke mabati, vioo vikae ubavuni."

Mwalimu akacheka. "Kaskazini kuna zizi, fundi. Ninywe chai nikitazama ng'ombe? Huu mteremko ndio ninaoulipia."

Fundi hakubishana zaidi, maana mwenye pesa ndiye mwenye neno. Chumba kikasimama upande wa magharibi. Vioo vilikuwa vya kawaida, vya milimita 4, ukutani na juu. Madirisha yanayofunguka yalikuwa mawili tu, kwa kuwa ya kufunguka ni ghali. Michoro haikupelekwa kaunti kuidhinishwa. Ni chumba kimoja tu, alisema mwalimu, si hoteli.

Kilikamilika Januari, wakati wa kiangazi. Majirani walikuja kukiona, wakakisifu, wakaombwa kuketi. Hapo ndipo kasoro ya kwanza ilipojitokeza. Asubuhi, saa ambayo baridi ya milimani humfanya mtu atamani jua, chumba kilikuwa kwenye kivuli cha nyumba yenyewe. Alasiri, saa ambayo kila kiumbe kinatafuta mti, kiligeuka tanuri. Mishumaa iliyosahauliwa dirishani iliinama. Wageni waliketi kwa adabu dakika chache, kisha mmoja baada ya mwingine akakumbuka shughuli nyumbani.

Sababu mwalimu alikuwa ameichora ubaoni miaka yote ya kazi yake. Mwezi wa Desemba, jua la adhuhuri la London hupanda nyuzi 15 tu juu ya upeo wa macho. Ni jua dhaifu, linaloingia kutoka ubavuni, na kila chembe ya joto lake ni ya kushukuriwa. Chumba cha vioo kilibuniwa kulinasa jua hilo: mwanga hupenya kwenye kioo, hupasha sakafu na viti, na joto linalorudi kutoka huko hushindwa kutoka. Ndivyo vivungulio vya maua vinavyofanya kazi. Lakini Ikweta inapita kaskazini mwa Fort Ternan, umbali usiofika kilomita 30. Hapa jua la mchana hukaa juu ya paa mwaka mzima. Machi na Septemba linapita utosini, Juni linaelemea kaskazini, Desemba linaelemea kusini, na hata likielemea halivuki sana nyuzi 23 kutoka utosini. Kwa hiyo sehemu ya nyumba inayopigwa na jua kuliko zote ni paa, na paa ndilo mwalimu aliloliezeka kwa kioo.

Mkewe hakupenda hasara. Akakigeuza chumba kuwa mahali pa kukaushia mahindi, na kwa kazi hiyo kilikuwa hodari. Mahindi yalishuka upesi hadi chini ya asilimia 13.5 ya unyevu, kiwango kinachohitajika ili yasiote kuvu ghalani. Mwalimu akanywa chai yake chini ya mparachichi, kama alivyofanya tangu zamani.

Kisha mvua za masika zikafika. Nchi hii ya chai, Kericho na Nandi, ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi. Eneo la Kericho limewahi kuhesabiwa wastani wa siku zipatazo 130 za mvua hiyo kwa mwaka. Mchana upepo wenye unyevu hupanda kutoka ziwani kuelekea milimani, hukutana na upepo wa mashariki, na hewa hurushwa juu mno hadi matone yanaganda. Wakulima wa chai wanaijua gharama yake, majani yakichanwa na kazi ya kuchuma ikisimama. Katika miaka ya 1960 na 1970 zilitumika hata ndege za kunyunyizia mawingu iodidi ya fedha ili kupunguza ukubwa wa mawe hayo. Mwalimu alikuwa amejenga paa la kioo, akalielekeza kule upepo huo wa ziwani unakotokea.

Ilikuwa alasiri. Mkewe alikuwa ametoka tu na beseni la mahindi. Mlio wa kwanza ulikuwa kwenye mabati ya nyumba, wa pili kwenye kioo. Dhoruba ilipopita, vipande virefu vyenye ncha vilikuwa vimelala vitini na ndani ya mahindi, ambayo hayakufaa tena hata kwa kuku. Maji nayo yalikuwa yameingia sebuleni kupitia pale paa jipya lilipoungana na ukuta wa zamani, kwa sababu hakuna aliyeweka bati la kuziba kiungo hicho. Jeraha halikumpata mtu. Bahati hiyo mwalimu hakuinunua.

Funzo la kisa hiki halisemi kwamba chumba cha jua hakifai kwetu. Linasema kwamba picha husafiri peke yake, bila jua wala mawingu ya kwao, na anayeitamani hana budi kuipima kwa mbingu iliyo juu yake mwenyewe. Mwalimu hakukosa elimu. Alijibu maswali ya fundi yote mawili kwa usahihi, kisha akajenga kana kwamba hakuulizwa.

Anayetaka chumba kama hicho katika nchi ya chai aanze na paa la mabati lenye dari, na upenu mpana wa kukinga vioo. Aviweke vioo kaskazini, ambako jua huingia miezi ya baridi ya Juni na Julai na kukaa mbali Januari na Februari, kunapochoma. Au mashariki, apate lile la asubuhi. Awe na madirisha yanayofunguka pande mbili na matundu chini ya dari, ili hewa moto itoke. Panapohitajika mwanga kutoka juu, atumie kipande kidogo cha kioo cha tabaka mbili zenye utando katikati, ambacho kikipasuka hushikana badala ya kumwagika. Kiungo cha paa jipya na ukuta wa zamani kizibwe kabla ya rangi kupakwa, na michoro ipite kaunti, ambako huenda mtu akauliza tena yale ya fundi.

Chumba hicho hakitafanana na cha kwenye picha, na pengine kitatazama zizi. Lakini kitakalika saa tisa alasiri mwezi wa Februari, na mwezi wa Mei kitakuwa bado kizima. Starehe hiyo ndiyo binti aliyomtakia baba yake alipotuma pesa.