Ujira wa Fundi na Dhamana ya Kazi Yake

Tumekuwa tukiulizwa suala hili mara nyingi, hata tukaona ni bora kulijibu mbele ya wote. Mtu ana gari yake, injini yachemka kupita kiasi. Aipeleka gereji, fundi amwambia kuwa gasketi ya silinda hedi imeungua. Aibadilisha, atwaa ujira wake. Haupiti mwezi, gari yachemka vile vile, na mara hii maji yamechanganyika na oili. Mwenye gari arudi kwa fundi, naye ajibiwa: "Gari ni chuma, na chuma huharibika, hiyo ni kudra." Je, hasara hii ni ya nani? Ya aliyelipa, au ya aliyelipwa?

Kwanza yatupasa kupambanua baina ya mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Kuna chombo kuharibika, na kuna kazi kuharibiwa. Mpira wa maji uliochakaa ukipasuka siku ya tatu, na fundi hakuugusa wala hapakuwa na dalili ya kumwonya, hapo hana la kulaumiwa. Lakini kazi ya gasketi ina masharti yake. Hedi iliyopata moto mwingi huweza kupinda. Basi hupimwa kwa rula ya chuma iliyonyoka, na ikiwa imepinda hupelekwa mashineni kusawazishwa. Boliti zake hukazwa kwa taratibu na kwa hatua, kwa spana yenye kipimo, kwa kadiri aliyoiweka mtengenezaji wa injini. Kisha hutafutwa sababu ya ule moto wenyewe: ni rejeta iliyoziba, au pampu ya maji, au feni? Fundi aliyeyaruka haya, akaweka gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda, hakutengeneza kitu. Ameuahirisha ubovu tu. Kwamba kila jambo huwa kwa kudra ya Mola, hilo hatulikatai. Illa kudra si hoja ya mtu kuyakimbia aliyoyatenda kwa mkono wake. Fundi huyo huyo akiibiwa spana zake, hatamwacha mwizi aende zake kwa kuwa ni kudra.

Wanavyuoni walilizungumza jambo hili kabla ya gari kuzaliwa, katika mlango wa ijara, walipomtaja mshonaji na mfua nguo. Walikhitalifiana: kitu cha mtu kikiharibika mkononi mwa fundi pasi na kosa lake, je, atakilipa? Wamaliki wakamtwisha dhamana ya alichokabidhiwa. Na katika madhehebu yetu ya Kishafii, kauli yenye nguvu ni kuwa fundi ni mwaminiwa, halipi ila akivuka mpaka au akitaksiri. Na imepokewa kwa Rabii, mwanafunzi wake Imamu Shafii, kuwa Imamu aliiitakidi rai hiyo lakini hakuwa akiidhihirisha, kwa kuchelea mafundi wabaya wasije wakaifanya ngao. Tuliangalie vyema jambo hili. Khitilafu yote ni juu ya fundi asiyekosa. Ama aliyetaksiri, hapana madhehebu iliyomwondolea dhamana. Na mfano wake ni tabibu: ajitiaye utabibu naye hana elimu yake, akidhuru hulipa, japokuwa nia yake ilikuwa njema.

Huenda fundi akasema: "Mteja alinipa ujira mdogo, nami nikafanya kazi ya kadiri ya ujira." Jawabu yake ni kuwa ujira mdogo ni sababu ya kuikataa kazi, si sababu ya kuikubali kisha kuifanyia khiyana. Lakini mwenye gari naye asijitakase upesi. Yuko aliyevutana bei hata mwisho, akaleta gasketi ya bandia kwa kuwa ni rahisi, akaficha kuwa aliiendesha gari masafa marefu hali maji yamekwisha, kisha akaitaka kabla ya magharibi. Rahisi huvunja upishi. Mtu huyu, akiwa ameonywa waziwazi na fundi kisha akashikilia lake, hasara hiyo ni yake. Na sharti ni kuonywa. Fundi ajuaye kisha akanyamaza, ameshiriki.

Lau jambo lingekuwa la fedha tu, lingekuwa jepesi. Lakini leo ni hedi, kesho ni breki. Fundi akifungua mabomba ya breki kisha asiitoe hewa yote iliyoingia, pedali huzama chini ya mguu, kwani hewa hubanika na mafuta ya breki hayabaniki. Gari hiyo ikiushuka mteremko wa Mazeras na watoto wamo ndani, watoto wale hawakupatana bei na mtu, wala hawamjui fundi. Kwa hivyo mwenye gari akijua kuwa breki si nzima, haimhalalikii kuitia barabarani huku akingoja fundi akiri kosa. Kumdai fundi ni haki yake. Kuzihatirisha roho za watu si haki yake.

Na liko lililo baya zaidi, nalo limeenea. Mtu akishakata tamaa na gari yake aiosha, aing'arisha, atia rejetani dawa ya kuziba uvujaji, kisha amwuzia mwenziwe pasi na kumtajia aibu yake. Akiulizwa asema: "Nami nilidanganywa." Ajabu! Aliyedhulumiwa ana dai juu ya aliyemdhulumu. Juu ya mtu wa tatu hana dai lolote. Amewalaumu mafundi mwaka mzima, na leo amekuwa kama wao pasi na kushika spana. Na mnunuzi akiigundua aibu hiyo, sheria yampa khiyari ya kuirudisha gari.

Basi mwenye kuharibiwa gari afanyeje? Kabla ya kazi waandikiane itakayofanywa na bei yake, na vile vipuri vya zamani avidai avione. Kazi ikiharibika, arudi kwanza kwa fundi yule yule kwa maneno ya upole, kabla ya kumpa mwengine kuifungua injini, kwani ikishaingia mikono miwili ushahidi huchanganyika. Wakishindana, wamtafute fundi wa tatu waliyemridhia wote wawili. Asimtangaze barazani kwa zaidi ya alilolitenda. Na sulhu ikishindikana, ajue kuwa Mahakama ya Kadhi haisikilizi shauri hili, kwani Katiba ya 2010 imeiwekea mpaka wa hali ya mtu, ndoa, talaka na urithi. Lakini iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya 2016, ipokeayo madai yasiyozidi shilingi milioni 1.

Neno letu la mwisho ni kwa wenye gereji. Kijana ajifunzaye kwako ni amana yako, na kosa lake ni lako, maadam wewe ndiwe uliyepokea ujira. Usimwachie breki za watu peke yake nawe u barazani wanywa kahawa. Na mteja akirudi na kazi mbovu, mwambie, "Lete gari, tuiangalie bila ya malipo." Siku moja ya kazi itakupotea, lakini ujira ulioutwaa utakuwa umekuwa halali yako.

Wabillahi taufiki.