Mfumo Hauna Mjomba

Siku hizi, kuanzia kivukoni Kilambo kwenye mto Ruvuma hadi Mtwara mjini, huambiwi tena "sitaki". Unaambiwa "mfumo umekataa". Anayekujibu anakutazama kwa huruma, kana kwamba naye ameonewa. Swali langu ni moja tu: mfumo unapokataa, nani amekataa?

Chukua mtu ninayemfahamu, mwenye malori yanayoshusha korosho kutoka Newala na Tandahimba. Madereva wanamwita Tajiri, basi na sisi tumwite hivyo. Alianza na daftari na karatasi za kaboni. Stakabadhi ghalani ilipoanza huku mwaka 2007, makaratasi yakamzidi, akatafuta kijana amtengenezee programu ya kuandika mizigo. Miaka ikapita, ikaongezwa sehemu ya mafuta, kisha ya kufuatilia magari, kisha ya malipo. Hakununua dukani. Kila kitu kilishonwa kwa kipimo chake, kama kanzu.

Sasa, korosho hupoteza maji. Huku tunaita unyaufu. Gari likikaa foleni ya ghala siku kadhaa, kilo za kijijini si lazima ziwe kilo za ghalani. Enzi za daftari dereva alisimama mbele ya meza akajieleza: "Tajiri, tumelala foleni siku nne." Tajiri alimuuliza utingo, akapiga simu ghalani, akaamua. Siku hizi upungufu ukizidi kiwango, programu inakata posho yenyewe. Dereva akilalamika anajibiwa: "Sio mimi, bwana. Mfumo umekata."

Hapo ndipo ninapobisha. Lakini kwanza tuutendee haki upande wa pili. Daftari halikuwa malaika. Mbele ya meza ile, mpwa wa Tajiri alisamehewa kilo ambazo mgeni kutoka Songea alikatwa. Na huku kusini, ambako Wamakonde, Wamakua na Wayao walihesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba si neno la mzaha. Kompyuta haina mjomba. Dereva mmoja aliniambia anaipenda kwa hilo tu: inamkata yeye, na mpwa inamkata vile vile. Huo ni usawa, na si kitu kidogo.

Ila usawa na haki si mapacha. Kuwakata wote kwa kosa la foleni ni kuwaonea wote kwa usawa.

Hannah Arendt aliuona urasimu kama utawala wa Hakuna-Mtu: hakuna wa kumuuliza, kwa hiyo hakuna wa kuwajibika. Wakala wa forodha anayetumia TANCIS, iliyoanza 2014, au chama cha ushirika kinachouza korosho kwenye mnada wa TMX, ulioingia 2024, anaweza kusema kweli kwamba mfumo hakuutunga yeye. Tajiri hawezi. Kile kiwango cha upungufu unaosamehewa, yeye ndiye aliyemtajia kijana, siku moja, pengine huku anakunywa chai. Programu imekariri tu. Inarudia neno lake kila siku, hata akiwa amelala, hata akiwa ameshalisahau. Mfumo wa kushonewa si mgeni aliyeingia nyumbani. Ni mdomo wa mwenye nyumba.

Mbeba mizigo anaishi kwa neno moja la zamani: amana. Mtu anakupa magunia yake ya msimu mzima akiamini yatafika. Dereva naye amekukabidhi kitu, siku zake za barabarani. Mashine inaweza kuhesabu vyote viwili, lakini haiwezi kuona haya ikikosea. Wa kuona haya lazima awepo mtu.

Sisemi turudi kwenye daftari. Ninachodai ni kidogo: kwenye programu hiyo iwepo nafasi ya dereva kueleza sababu, iwe foleni, mvua au gari kuharibika, halafu jina la mtu aliyeisoma na kuamua. Mpwa na mgeni wote wapite hapo hapo. Kama Tajiri hataki kuiweka, sawa, malori ni yake na programu ni yake. Lakini dereva akija mezani, aambiwe ukweli: "Nimekukata mimi."