Mgongo na Baridi ya Mwezi wa Saba

Ndugu Waislamu, baridi hii ya Lubumbashi inakaza mgongo, na mshipa unauma mpaka mguuni. Kuna wazee wamebaki nyumbani kwa kuona haya kuswali kwenye kiti. Haya ya nini? Imran bin Huswayn (r.a.) aliugua, na Mtume (s.a.w.) akamwambia aswali kwa kusimama, asipoweza, akae, asipoweza, alale ubavu. Anayeweza kusimama ila hawezi kusujudu, asimame kwanza, kisha akae.

Lakini mguu ukikosa nguvu, au mkojo ukigoma kutoka, usingoje Ijumaa nyingine: mwone daktari siku ile ile.

Vijana, alfajiri wapashieni wazee maji ya udhu. Makaa yako nyuma ya msikiti.