Yai la Rubani

Hivi mtu anaweza kula akashiba akiwa njiani kwenda kuua? Usicheke, msomaji. Swali linaonekana la kipuuzi mpaka ulipandishe ndegeni.

Juni 2025 ndege saba za Marekani aina ya B-2 ziliruka kutoka jimbo la Missouri kwenda kupiga mabomu vituo vya nyuklia vya Iran. Kwenda na kurudi ilikuwa kama saa 37, zikijazwa mafuta hukohuko angani, kila moja na marubani wawili tu. Huku mitaani mabishano yalikuwa juu ya mabomu: yana uzito gani, yanazama ardhini kiasi gani. Mimi nikabaki na jambo dogo. Saa 37 bwana, walikula nini? Maana tumbo halijui vita. Saa zake zikifika linadai. Kumbe ndani ya ndege ile mna choo kidogo, pahala pa mmoja kujinyoosha, na maikrowevu. Yaani jamaa anapasha msosi, anakula, anajifuta mdomo, halafu anarudi kwenye kiti chake, na nyuma yake yamelala mabomu mawili, kila moja tani 13 na ushee.

Lakini kilichoninyima raha zaidi si msosi huo. Ni yai.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mayai Uingereza yalikuwa ya mgawo. Kuanzia 1941 mtu mzima alipata kama yai moja kwa juma, tena likiwapo. Zaidi ya hapo alikoroga unga wa mayai. Vijana wa ndege za mabomu, wengi wao wa miaka ishirini na kitu, walikaangiwa mayai na nyama ya nguruwe kabla ya kuruka, au waliporudi alfajiri. Safari ya Berlin ilikuwa kama saa nane. Walibeba sandwichi, chupa ya chai au kahawa, chokoleti, pipi na chingamu. Kula huko juu nako ni kazi: hewa ni nyepesi, huwezi kukaa muda mrefu bila barakoa ya oksijeni, na yule mpiga bunduki wa mkiani anaganda kwa baridi hata vidole havimtii. Maharage usiguse kabla ya safari, kwa sababu kadiri ndege inavyopanda ndivyo gesi tumboni inavyotanuka. Utakoma!

Basi mezani walikuwa na utani wao: “Usiporudi, yai lako nile mimi?” Na walicheka. Kati ya watu kama 125,000 waliotumikia kikosi hicho cha mabomu, 55,573 walikufa. Mayai mengi yaliliwa na wasio wenyewe.

Wazee wetu walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Ndani ya Lancaster methali hiyo ilipinduka. Watu saba, hakuna undugu wa damu, wamekula meza moja jioni. Ndege ikishika moto, mara nyingi wanakwisha wote.

Hapo moyo unalainika, na hapo ndipo pa kujihadhari. Kule walikokuwa wanakwenda nako watu walikuwa wamekula, nao kwa mgawo. Hamburg, Julai 1943, moto uliotokana na mabomu uliua watu zaidi ya 30,000 katika siku chache, akina mama na watoto wengi humo. Kijana aliyekula yai hakuziona meza zao. Kutoka kilomita sita juu, mji ni taa, moshi na mwanga mwekundu. Kwamba aliona njaa kama wewe na mimi ni kweli, na kweli hiyo haimsafishi. Ila ukikataa kuiona utamgeuza zimwi, na mazimwi hayana kesi ya kujibu.

Wako watakaosema basi sandwichi ndiyo ulaghai wenyewe: inafanya kuua kufanane na zamu ya kiwandani, umefungashiwa chakula, umekwenda, umerudi. Nakubali, lakini nusu. Nusu ya pili iko chini, jikoni. Lile yai lilitoka wapi? Kuna mama pale Leeds alikoroga unga wake ili yai zima liende kwa rubani. Hakuulizwa habari za Hamburg. Mgawo ulikuwa amri, na huenda yeye mwenyewe alikuwa ameshalala ndani ya handaki ndege za Wajerumani zikipita juu. Hata hivyo alijua yai lake limekwenda wapi. Kila asubuhi lilimkosa kwenye sahani. Kama kuna mzigo wa lawama au wa shukrani, kipande chake kilikuwa pale, anakiona.

Sasa rudi kwenye ile ndege ya saa 37. Nani alikosa yai? Hakuna. Watu wa nchi ile waliamka, wakanywa kahawa yao, wakasikia habari kwamba kazi imekwisha. Msosi wa marubani umelipiwa na kodi, na kodi haina harufu ya kukaanga. Mimi kinachonitisha si mtu kula akiwa juu ya mabomu. Kinanitisha kwamba wanaomlisha hawapungukiwi hata tonge la kuwafanya waulize anakwenda wapi.

Nakumbuka na kisa kingine cha mgawo. Julai 1948 Berlin Magharibi ilikuwa imefungiwa barabara na reli, chakula kikaletwa kwa ndege. Rubani Mmarekani, Gail Halvorsen, aliwakuta watoto kwenye ua wa uwanja wa Tempelhof. Mfukoni alikuwa na chingamu mbili tu. Wakazigawana vipande vipande, na waliokosa wakapokezana karatasi yake kunusa. Akaahidi kurudi na zaidi, akaanza kuwadondoshea pipi za mgawo wake na za wenzake, zikining'inia kwenye leso kama parashuti. Anga ilikuwa ileile iliyomwaga mabomu miaka mitatu nyuma, na watoto wale walikuwa bado wanaikumbuka sauti ya injini.