Halisi ni Kipi, na Nani wa Kusema?

Sisi walimu wa Kiswahili hulitumia neno "halisi" kila siku bila ya kulipima. Husema Kiswahili halisi, Mswahili halisi, pilau halisi, na msikilizaji huitikia kwa kichwa kana kwamba ameelewa. Hatukuwa na shaka na neno hilo mpaka jioni moja tulipokuwa Magara, kwenye barabara iendayo kando ya Ziwa Tanganyika kutoka Bujumbura hadi Rumonge. Huko lilituzulia ubishi mrefu, na chanzo chake kilikuwa piza.

Mwenzetu mmoja, mwalimu kama sisi, alikuwa ameishi Napoli miaka kadhaa, na tangu arejee alikuwa na hamu ya piza ya kule. Mjini Bujumbura aliionja hapa na pale, na kila mara aliisogeza sahani akasema, "Siyo." Basi akaazimia kuipika mwenyewe. Unga wa ngano ulipatikana, na hamira, nyanya na vitunguu saumu pia. Mafuta ya zeituni yalikuwa kichupa kimoja cha bei ya kutisha. Jibini aliyoitaka haikuwapo, wala tanuri la matofali la kuchochewa kwa kuni. Mama mwenye nyumba tuliyofikia alimwonyesha namna ya kuweka sufuria juu ya mkaa, kuifunika kwa bati, na kupalia makaa juu yake, kama watu wa pwani wapikavyo mkate wa kumimina. Na badala ya wale samaki wadogo wa chumvi ambao Wataliani huwatandaza juu ya piza, tulitia ndagala wakavu wa ziwani.

Tulikula sote, na hapakubaki kipande. Lakini mwenzetu alitafuna polepole, kisha akasema, "Ni tamu, ila siyo yenyewe."

Kijana mmoja aliyekuwapo, naye mwalimu, hakukubali. Alisema hakuna piza "yenyewe" popote duniani. Nyanya asili yake ni Amerika, na haikufika Ulaya kabla ya karne ya 16. Nyati wanaotoa maziwa ya ile jibini ya Napoli asili yao ni Asia. Akatugeukia na sisi: ugali wa muhogo tunaouita chakula cha mababu, muhogo wake ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa na Wareno kwenye pwani ya magharibi ya Afrika katika karne hiyo hiyo. Kila kitu ni cha kuazima, akasema, basi neno "halisi" ni la kujivunia bure.

Hoja hiyo ni nyepesi kuliko inavyosikika. Kwamba kitu kiliazimwa hakuthibitishi kwamba hakijawa cha mwenyewe. Watu wa Napoli waliipokea nyanya, lakini kwa vizazi vingi waliiwekea utaratibu wa kazi: donge la unga liachwe saa nyingi liumuke, litandazwe kwa mkono wala si kwa mti wa kusukumia, moto wa kuni ukaribie nyuzi 485, na piza itoke tanurini kwa sekunde 60 hadi 90. Mwaka 1984 wapishi wa huko waliunda chama cha kuulinda utaratibu huo, na mwaka 2010 Umoja wa Ulaya ukalisajili jina la piza ya Napoli. Kisha mwaka 2017 UNESCO ikaiandika sanaa ya wapishi hao katika orodha ya urithi wa binadamu. Tuzingatie kilichoandikwa na UNESCO: si nyanya, si jibini, bali ufundi. Kwa hiyo mwenzetu alikuwa na haki ya kulalamika. Ndagala hawakumsumbua hata kidogo. Kilichomsumbua ni moto wetu, ambao ulichukua karibu nusu saa na kuukausha mkate mpaka ukawa mgumu pembeni.

Hapa yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Jina la chakula ni ahadi. Pale Forodhani, Unguja, huuzwa kitu kiitwacho piza ya Zanzibar: chapati nyembamba hutiwa nyama ya kusaga, vitunguu na yai, hukunjwa, ikakaangwa juu ya chuma. Haifanani na ya Napoli hata kwa mbali, wala hakuna anayeondoka pale akidhani amedanganywa, maana jina lenyewe limetaja mahali. Lakini mkahawa uandikao mlangoni kwamba piza yake ni ya Napoli hasa, hali haina tanuri wala subira ya kungoja unga uumuke, umesema uongo. Kubadili si kosa. Kosa ni kuficha ulichobadili.

Tulidhani tumemaliza. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa akikusanya sahani, akaketi. "Mwanangu," alimwambia mwenzetu, "wewe unalilia chakula cha ugenini ukiwa kwenu. Mimi hayo nayajua."

Alikuwa mtoto mwaka 1972, mauaji yalipoenea katika Burundi na maelfu ya watu wa mwambao huu wakakimbilia Tanzania. Alikulia Ulyankulu, Tabora, na alirudi mwaka 2009. Alitusimulia kwamba kule Ulyankulu wazazi wake hawakuacha kuyataja mawese na ndagala wa kwao. Mama yake akipika mchuzi kwa mafuta mengine alisema maneno yale yale ya mwenzetu: siyo yenyewe. Naye binti, aliyekulia katika maneno hayo, alirudi kwenye mawese na ndagala, akaona moyo wake unataka michembe. Hivyo ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, kama wafanyavyo Wanyamwezi. Alinunua viazi, akavikata, akavianika. "Vilishika ukungu," alisema. "Jua la ziwani si jua la Unyamwezi." Hata hivyo huvianika kila mwaka, na kila mwaka huvila vile vilivyosalimika, peke yake, kwa kuwa wanawe wa mwisho hawavipendi.

Kuna msemo usemao kwamba mwacha asili ni mtumwa. Twauliza: asili ya mama huyu ni ipi? Wanaomwambia kwamba michembe si chakula cha Warundi wanasema kweli, na kweli hiyo haimfai kitu. Kwa maoni yetu anayestahili kusema "siyo yenyewe" ni yule aliyekipenda kitu na kukikosa, naye huisemea kazi ya mkono wake. Mlinzi aliyesimama mlangoni kuwapima wapitao hana haki hiyo, hata akiwa na kamusi.

Mama alitaja jambo jingine kabla hatujaaga. Waliporudi, mtoto wake mmoja alikwenda sokoni kununua "dagaa," akachekwa na wauzaji, kwa kuwa hapa ni ndagala. Wenzetu walicheka pia, nasi tukacheka. Lakini usiku ule hatukulala upesi. Juma moja kabla ya safari tulikuwa tumesahihisha insha za darasa la sita, na mtoto mmoja wa mwambao huu huu aliandika kwamba baba yake huvua ndagala. Tulilikata neno kwa wino mwekundu, tukaandika juu yake "dagaa," na tukampunguzia alama moja.