Tamthilia na Ukomo Wake

Jioni katika Kakiika, hapa pembezoni mwa Mbarara, wakati malori yatokayo Masaka kuelekea mipaka ya Rwanda na Kongo yanapozidi kuvuma barabarani na moshi wa majiko ya makaa kupanda nyuma ya nyumba, majirani ambao mchana kutwa walitengana kwa kazi na kwa lugha hukusanyika mbele ya televisheni moja, na mtu akileta tamthilia mpya iliyonakiliwa dukani kwenye flashi, swali la kwanza aulizwalo aghalabu halihusu waigizaji wala nchi ilikotoka, bali ni hili: "Ina sehemu ngapi?" Wako wanaolidhania swali hilo kuwa la watu wavivu wasiostahimili masimulizi marefu. Mimi naliona kuwa ni swali la haki, na muradi wangu leo ni kulitetea.

Uzito wake niliufahamu zaidi Nakivale, katika makazi ya wakimbizi yaliyo wilayani Isingiro, yaliyotengwa mwaka 1958 na kuwapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwaka uliofuata, kisha, kadiri miongo ilivyopita, Wakongo, Warundi, Wasomali na Waethiopia, hata pakawa na wazee waliozaliwa pale pale ambao sasa wana wajukuu. Mkaazi wa Nakivale hungoja mambo mengi kwa pamoja: jibu la ombi lake la hifadhi, usaili wa kupelekwa nchi ya tatu, habari ya amani ya kijiji alichokiacha, wala hakuna hata moja katika hayo lililoandikiwa tarehe. Mama mmoja kutoka Kivu ya Kusini, ambaye hujinyima ili apate shilingi za kuchaji betri ya kuendeshea televisheni yake ndogo, nilimuuliza, "Mama, kwa nini wapenda kujua hadithi itakwisha lini hata kabla hujaianza?" Akanijibu kwa utulivu, "Mwanangu, mambo yangu mwenyewe sijui yatakwisha lini. Haya ya televisheni, aliyeyatunga anajua. Basi na aniambie."

Tangu siku ile sijapata hoja iliyo bora kuliko hiyo. Wapo hata walioitwa safari ya Marekani au Kanada hali tamthilia waliyoifuata kwa miezi ingali katikati, wakawaachia majirani amana ya kuwapigia simu na kuwaeleza kama yule binti aliolewa na kama yule dhalimu alipata malipo yake. Hadithi iliyoingia moyoni kwa namna hiyo ni deni juu ya mtunzi, na deni sharti liwe na siku ya kulipwa.

Washairi wetu wa pwani walilijua jambo hili kabla ya kuwapo kwa redio wala televisheni. Mwana Kupona binti Mshamu, alipotunga utendi wake wa mwaka 1858 kwa ajili ya bintiye, alitaja ndani ya utendi wenyewe idadi ya beti zake, mia moja na mbili, kama muuzaji mwaminifu anayepima nafaka mbele ya macho ya mnunuzi. Wala sisemi kwamba urefu ni kasoro. Utenzi wa Ras al-Ghuli wa Mgeni bin Faqihi unapita beti 4,000, na hadhira iliusikiliza kwa mapenzi, maadamu vita vilivyosimuliwa vilikuwa na mwanzo, kati na khatima, na msimulizi hakuwazungusha wasikilizaji kwa tamaa ya kuwaweka barazani.

Katika tamthilia za televisheni zilizopata kupendwa Afrika Mashariki, moyo wangu bado uko kwa ile ya Kichina ya Mao Doudou na mama wakwe zake, iliyoonyeshwa na TBC ya Tanzania mwaka 2011 kwa sauti za Kiswahili. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake ya Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Habari yake ni ya binti aliyeolewa akajikuta anapaswa kumridhisha mama mzazi wa mumewe na pia mke wa pili wa baba mkwe, jambo ambalo halihitaji kufafanuliwa kwa mtu yeyote aliyekulia katika nyumba ya wake wengi au ya talaka kati ya Mombasa na Bukavu. Ilikuwa na sehemu 36 tu, nayo ilipokwisha watu waliikumbuka kwa hamu, badala ya kuichoka na kuiacha mmoja mmoja bila kuagana nayo.

Ziko nyingine zilizopata maisha marefu kwa sababu zisizohusu hadithi. Guiding Light ya Marekani ilianza redioni mwaka 1937, ikahamia televisheni mwaka 1952, ikazimwa mwaka 2009, nayo iligharimiwa na watengenezaji wa sabuni. Na maadamu akina mama waliendelea kuisikiliza na kununua sabuni, mtunzi hakuwa na ruhusa ya kuimaliza. Hapo ndipo wafu hufufuka, mapacha wasiojulikana hutokea, na mwenye kusahau jina lake hulikumbuka kisha akalisahau tena. Isidingo ya Afrika ya Kusini, iliyoanza mwaka 1998 na habari za mji wa machimbo ya dhahabu, ilikoma Machi 2020 kwa uamuzi wa shirika la utangazaji, na watu waliozeeka nayo wakaachwa kama abiria walioshushwa kabla ya kituo chao.

Sivitii katika hukumu hii vichekesho vya Kenya kama Vioja Mahakamani na Vitimbi, kwa kuwa kesi ikisikilizwa na hukumu ikitolewa jioni ile ile, mtazamaji hadaiwi wala hadai; michezo ya aina hiyo na iishi muda wote watakaoishi wachezaji wake. Papa Shirandula ilianza mwaka 2007, na kifo cha Charles Bukeko, aliyemwigiza Papa mwenyewe, Julai 2020, ndicho kilichoifikisha mwisho, nasi tuliomlilia tulifahamu kwamba hapakuwa na mwandishi wa kulaumiwa.

Hoja iliyonipa tabu zaidi hutoka redioni. Twende na Wakati, iliyoanza kutangazwa na Radio Tanzania mwaka 1993, ilikuwa na Mkwaju, dereva wa lori mpenda wanawake, aliyekufa kwa UKIMWI kama mwendo wake ulivyotishia tangu awali, na kifo kile kilikuwa na haki yake. Lakini Musekeweya ya Rwanda, iliyoanza mwaka 2004 na kusimulia uhasama wa vijiji viwili, Bumanzi na Muhumuro, iliendelea kwa zaidi ya miaka kumi, na siwezi kusema iliongopa kwa urefu huo. Watu waliouana hawapatani katika sehemu 36. Hapo urefu ulitoka katika jambo lenyewe, na mtunzi aliyeharakisha suluhu angewadhulumu walionusurika.

Kwa sababu hiyo siwezi kuwapa idadi vijana wa Nakivale ambao sasa wanapiga filamu zao wenyewe kwa simu, kwa Kiswahili cha Kongo na Kinyarwanda, wakiwa na tamaa njema ya kutunga tamthilia za mfululizo. Nawaomba waandike sehemu ya mwisho kwanza, wapime ni ngapi zitakazofika huko bila kukimbia wala kuzurura, kisha waitangaze idadi hiyo katika sehemu ya kwanza na kuishika hata wakisifiwa, hata akija mwenye duka na fedha za kuwataka waongeze. Wakiniletea ya sehemu sita iliyokwisha kwa haki yake, nitaipeleka nyumba kwa nyumba hapa Kakiika mbele ya yoyote ya miaka ishirini itokayo ng'ambo.