Amana ya Mwenye Kutakwa Shauri

Yatakikana kujulikana ya kwamba shauri ni amana, mfano wa mali iliyowekwa kwa mtu. Mwenye kuwekewa mali akiila huitwa khaini. Lakini mwenye kutakwa shauri akasema lile limpendezalo aliyemuuliza, huyo mara nyingi hushukuriwa na akakaribishwa tena. Kwa hivyo khiyana ya shauri ni nzito kuliko ya mali, kwani haina shahidi.

Mas'ala haya yaonekana wazi katika bonde la Kilombero. Huko Ifakara iko maabara iliyoanzishwa mwaka 1957 na Rudolf Geigy, mwanachuoni wa Basel katika Uswisi. Na tangu 2008 yaitwa Taasisi ya Afya Ifakara. Nchi ile ni ya mpunga na mafuriko, na mbu wake ni mbu kweli kweli: katika Idete, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtu alikadiriwa kuumwa zaidi ya mara 300 kwa mwaka na mbu wenye vijidudu vya malaria. Taasisi za namna hii haziendeshwi kwa rai ya mkubwa wao peke yake. Huwako wataalamu wa nje wasomao hesabu, kisha wakasema: hili lifanywe, na hili liachwe.

Mwaka 1993 watoto 586 wa Idete walitiwa katika jaribio la chanjo SPf66, iliyotungwa na Manuel Patarroyo wa Colombia. Wengine walipigwa sindano ya chanjo, na wengine sindano isiyokuwa nayo. Mzazi hakujua, wala tabibu hakujua, ni nani aliyepata ipi. Mwaka 1994 jawabu ikatoka: chanjo yapunguza homa kwa 31 katika 100. Kwa mwenye mtoto, karibu ya thuluthi si haba. Lakini hesabu hiyo hiyo ilisema ya kwamba ukweli waweza kuwa 52, na waweza kuwa sifuri.

Hapo ndipo shauri huwa zito. Mmoja atasema: watoto wanakufa, wapeweni. Mwingine: jaribuni tena. La kwanza lina sura ya huruma. Chanjo ile ikajaribiwa tena Gambia na Thailand, haikufaa. Ikajaribiwa kwa watoto wachanga wa Kilombero, na mwaka 1999 ikadhihiri kuwa kinga yake ni 2 katika 100. Ikaachwa. Lau ingaligawanywa kwa haraka, fedha za maskini zingalipotea, na huenda baba angaliacha kutunga chandarua akidhani mwanawe amekwisha kukingwa.

Itasemwa: na je, ingalikuwa njema, si kungoja kungaliua? Naam, kungaliua. Wala jambo hilo halina dawa. Mwenye kujitahidi hahukumiwi kwa kupata au kukosa. Huulizwa kama alisema yote aliyoyajua, pamoja na ile sifuri.

Mafakihi wa Kishafii hawakubali ushahidi wa mtu unaomvutia nafuu mwenyewe, ajapokuwa muadilifu. Hilo si tusi kwake. Basi mshauri mwenye fungu katika dawa na aiseme nafuu yake, kisha atoke barazani. Walii naye hana rukhsa ya kutumia mali ya yatima ila kwa maslaha ya yatima. Seuze mwili wa mtoto! Baba wa Idete aliyeutoa mkono wa mwanawe alitegemea maneno ya watu asiowaona kabisa. Mshauri akidhani kuwa deni lake ni kwa taasisi tu, au kwa aliyetoa fedha, amemsahau mwenye kudai.

Wala ilimu si ya wageni peke yao. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwarudishia wakulima wa Madina jambo la kupandisha mitende, kwani wao walilijua zaidi. Na mkulima wa Kilombero ajua ya kwamba msimu wa mpunga watu huhama na watoto wao, wakalala katika vibanda vya mashamba, mbali na zahanati na mbali na mwenye kuwahesabu.